Ampli ya lampi ya babu na bafle za wati 300: usiuze bado

Mudogo wangu wa Kamalondo, ulizo lako nimelisoma mara mbili juu iko na mambo mingi ndani. Unasema babu yako aliyefanya kazi miaka mingi ku kampuni ya migodi ya Gécamines alikuachia ampli (mashine ya kukuza sauti) ya stereo ya lampi, zile taa za kioo za zamani, nne za aina ya EL84, na nyuma iko na matundu ya kufungia bafle (maboksi ya spika) yaliyoandikwa 4, 8 na 16, zile ni omu, kipimo cha vile bafle inazuia umeme. Ukaazima kwa rafiki bafle mbili ndefu nyembamba, mgongoni wameandika wati 300, omu 4. Ukazifunga, sauti ikatoka ndogo, besi inavimba mu saloni nzima, na ukipandisha volimu inaanza kupasuka. Yaya yako anasema lampi zimechoka, uuze ile kitu ununue ya tranzista. Na kuna baba mumoja wa Katuba anakuuzia bafle mbili kubwa za mbao zilizotoka mu kanisa, oparleri (spika yenyewe ya ndani) ya inchi 12, hazina kibandiko hata kimoja. Unauliza ufanye nini na pesa yako kidogo.

Usiuze. Vile unaielezea ile ampli naona iko muzima, na bafle za rafiki yako pia ziko zima, shida ni kuzifunga pamoja. Nitakueleza sababu kwa urefu juu ukiielewa hautadanganywa tena ku soko, hata mi sitakuwepo.

Tuanze na nguvu. EL84 mbili kila upande, moja inasukuma ingine inavuta, mu ampli nyingi za enzi ile zinatoa kama wati 10 mpaka 12. Ile njo nguvu yake tangu kiwandani, hata ukiweka lampi mpya kesho itabaki palepale, na wazee wetu walikuwa wanacheza nayo mu saloni, majirani wanasikia ngambo ya pili ya avenue. Sasa wewe umeona wati 300 mgongoni mwa bafle ukafikiri ile bafle iko na nguvu. Ile namba haisemi bafle inatoa sauti ngapi, inasema paka inaweza kuvumilia moto ngapi kabla koili yake, waya ulioviringwa unaosukuma karatasi ya oparleri, iungue, na hata hapo wauzaji wengi wanaongeza chumvi. Ni sawa lori za mpaka wa Kasumbalesa: kuandikwa tani 30 ku mlango kunakuonyesha mzigo yenye lori inaweza kubeba, hakukuonyeshi inakunywa mazutu ngapi ili itoke tu pale iliposimama. Bafle za rafiki yako zinakunywa sana.

Namba ya kutafuta ni ingine, inaitwa sensibilite. Unaipa bafle wati moja, unaweka kipimo metri moja mbele yake, unahesabu desibeli ngapi zinatoka. Bafle nyembamba za siku hizi mara nyingi ziko kati ya 85 na 88. Bafle ya oparleri kubwa ya karatasi nyepesi, zile za zamani, inaweza kufika 93 ama 95, na zile za kanisa na za orkestra zinafika hata 98. Mutu ataona 86 na 95 akasema tofauti ni ndogo, lakini desibeli hazihesabiwi vile, ukitaka 3 zaidi unazidisha wati mara mbili, ukitaka 10 zaidi unazidisha mara kumi. Kutoka 86 mpaka 95 ni 9, yani mara mbili, tena mara mbili, tena mara mbili, jumla mara 8. Wati 10 zako ku bafle ya 95 zinapiga sawa wati 80 ku bafle ya 86. Kununua bafle nyepesi, yani ya sensibilite kubwa, kunakupa wati 80 bila kugusa ampli hata skrubu moja, na hakuna fundi wa Lubumbashi yenye anaweza kukufanyia vile ndani ya ampli kwa bei ya bafle za mitumba.

Kuna mtego mu vibandiko, uuangalie. Wengi hawaandiki wati moja, wanaandika volti 2.83. Ku bafle ya omu 8, volti 2.83 ni wati 1 kamili, haina shida. Lakini ku bafle ya omu 4 volti zile zile zinakuwa wati 2, sasa ukiona 88 ku bafle ya omu 4 toa 3, inabaki 85.

Mutu anaweza kuuliza sasa juu ya nini wanatengeneza bafle nzito vile. Ni juu boksi ndogo, besi ya chini kabisa na sensibilite kubwa havikai pamoja, lazima uache kimoja. Mwaka 1946 kule Marekani Paul Klipsch alitoa bafle yake ya kona, kubwa sawa kabati, yenye inapita desibeli 100, wati chache tu inajaza nyumba. Mwaka 1954 Edgar Villchur, naye wa Marekani, akatoa AR-1, boksi ndogo iliyofungwa yenye besi ya chini sana, lakini inataka nguvu mingi. Watu walipenda boksi ndogo, na tranzista zilipokuja wati zikawa rahisi, basi viwanda vikafuata ile njia. Ampli ya babu yako ilizaliwa na mawazo ya njia ya kwanza.

Sasa omu. Hapa njo pana utajiri wote wa ampli ya lampi na hapa njo watu wanaharibu vitu.

Mu ampli yako, kati ya lampi na bafle kuna transfo ya kutokea, moja kila upande, zile chuma nzito zinazofanya mgongo uume ukibeba. EL84 mbili zinazosukumana zinapenda kuona mbele yao kama omu 8000. Bafle iko na omu 8. Transfo njo inapatanisha, mizunguko ya waya upande wa lampi ni kama mara 32 ya upande wa bafle, na 32 mara 32 inakaribia 1000, njo omu 8 zinageuka 8000 machoni pa lampi. Transfo yenyewe haijui umeweka bafle gani, inazidisha tu. Ukifunga bafle ya omu 4 ku tundu la 8, lampi zinaona 4000, zinavuta kuliko zinavyopaswa, wati safi zinapungua na sauti inachafuka mapema. Ukifunga ya 16 ku tundu la 8, zinaona 16000, wati zinapungua pia lakini lampi hazitoki jasho. Hukuniambia ulifunga ku tundu gani, mi nadhani ulifunga ku 8 juu njo liko katikati. Kabla hujarudisha bafle za rafiki, zima ampli, hamishia nyaya ku 4, kisha usikilize tena, kupasuka kutapungua hata kama sauti itabaki ndogo.

Lakini ile "omu 8" au "omu 4" ni jina tu la bafle, haiko namba moja inayokaa tuli. Bafle ya omu 8 inaweza kupanda mpaka 30 ku besi pale oparleri inapotikisika yenyewe, kisha ikashuka 4 pale filtri, kifaa cha kugawa sauti, inapogawanya kati ya wufa (oparleri ya besi) na twita (ya sauti za juu). Ku ampli ya tranzista ile kupanda na kushuka hausikii karibu kitu, juu impedansi yake ya ndani, yani vile yenyewe inazuia umeme, ni sehemu ndogo sana ya omu moja. Ampli ya lampi inaweza kuwa na omu 1, 2, hata 3 ndani yake. Tufanye hesabu na 2: bafle ikiwa 30, inapata volti 30 ju ya kila 32, karibu zote. Ikiwa 4, inapata 4 ju ya kila 6, theluthi moja imepotelea mu ampli. Tofauti kati ya pale na pale ni karibu desibeli 3. Yani besi inanyanyuliwa na sauti za waimbaji zinaminywa, na hakuna mutu amegusa kifungo. Ile besi unasema inavimba, sehemu yake inatoka hapo.

Sehemu ingine inatoka ku breki. Karatasi ya oparleri ukiisukuma inataka kuendelea kutikisika, sawa mtoto ku bembea, na ampli njo inaishika. Ya tranzista inaishika kwa nguvu, ya lampi inaiachia kidogo. Watengenezaji wa bafle wanapima ukubwa wa boksi na tundu lake la kupumulia hewa kwa hesabu zilizoandikwa kule Australia na Neville Thiele mwaka 1961 kisha Richard Small miaka ya 1970, na wanapopima mara nyingi wanachukua kwamba ampli haina impedansi yoyote ndani. Kama koili ya oparleri iko na omu 6 na ampli yako inaongeza 2, breki ya umeme inapungua robo nzima. Boksi lililopimwa vizuri kwa tranzista linakuwa na besi ndefu, inavuma hata baada ya mpiga gitaa kuacha. Njo sababu bafle iliyofungwa pande zote, haina tundu, inaelewana na lampi kwa urahisi kuliko yenye tundu. Ukikwama na zile za tundu, jaza kitambaa ndani ya tundu kidogo kidogo huku unasikiliza, na uzitoe mu kona ya nyumba, utashangaa.

Basi tuje ku bafle za baba wa Katuba, mi njo zinanipendeza, lakini usilipe kwa macho. Beba multimetri, iweke ku omu, chomoa nyaya zote, pima ku vichwa vya bafle. Multimetri haisomi omu zile za jina, inasoma waya wa koili tu, basi itakuonyesha chini kidogo: kwa bafle ya 8 utaona 5.5 mpaka 7, kwa ya 4 utaona 3 na kitu, kwa ya 16 utaona 10 mpaka 13. Ukiona 6 na kitu ku zote mbili, ni omu 8. Ukiona moja 6 na ingine 3, fungua, pengine kanisa waliongeza oparleri ya pili ndani, juu mbili za 8 zikifungwa sambamba zinakuwa 4. Kama haionyeshi kitu, koili imekatika, ama filtri, rudi nyumbani na pesa yako.

Kisha toa kitambaa cha mbele, weka vidole vinne ku karatasi ya oparleri, sukuma polepole sana na usawa. Ukisikia inakwaruza, koili imeungua au imetoka mahali pake. Angalia ukingo unaozunguka karatasi. Oparleri za kanisa na za orkestra mara nyingi ziko na ukingo wa kitambaa au karatasi iliyokunjwa-kunjwa, ile inadumu, hata na joto yetu na vumbi nyekundu ya kiangazi. Oparleri za nyumbani za miaka ya 1970 na 1980 mingi ziko na ukingo wa sponji, na sponji inaoza, unaigusa inabaki ku kidole sawa makombo ya mukate. Ukingo wa sponji unaweza kubadilishwa, mi nafanya ile kazi, lakini upunguziwe bei kwanza. Mwisho chukua jiwe la redio la volti 1.5, gusisha ku vichwa sekunde moja, karatasi inapaswa kutoka mbele, upande ule ule ku bafle zote mbili. Moja ikitoka mbele na ingine ikirudi nyuma, geuza nyaya za moja, bila vile besi itapotea kabisa utasema ampli imekufa.

Bafle za kanisa ziko na ukosefu wao, sitakuficha. Mingi hazishuki chini ya hezi 60 ama 70, na ile tarumbeta ya juu, oparleri ndogo yenye mdomo mpana inayotoa sauti za juu, inaweza kuwa kali ukiwa umekaa karibu, juu imetengenezwa kurusha sauti mpaka benchi ya mwisho. Kwa tarumbeta kuna dawa, rezistansi (vizuizi vya umeme) mbili ndogo mbele yake zinaituliza, ni kazi ya nusu saa. Kwa besi, jiulize unasikiliza nini. Umeandika santuri za babu ni rumba za zamani na yale magitaa ya kwetu ya Katanga ya miaka ya 1950. Uzi mnene kabisa wa gitaa unaanza ku hezi 82, sauti za waimbaji ziko juu zaidi, na santuri nyingi za wakati ule besi ya chini kabisa karibu haimo. Karatasi nyepesi ya inchi 12 ikipewa wati mbili tatu safi za EL84, gitaa linasimama mbele yako, unasikia ukucha ku uzi. Mi nimefanya hii kazi miaka mingi na bado nikisikia vile nanyamaza.

Kuna mutu atakuambia ununue oparleri zilizotolewa mu redio kubwa za zamani za Philips, ni nzuri kweli, karatasi nyepesi, sauti tamu. Lakini pima kwanza! Philips walitengeneza redio zisizo na transfo ya kutokea, na oparleri zake ziko na omu 800. Multimetri ikikuonyesha mamia ya omu, iache, haitafanya kitu ku ampli yako. Ukipata ile ya omu chache, mu boksi la tripleksi nzito ama mbao ya mulombwa, hauhitaji hata filtri, na seremala wa mtaa anaweza kukutengenezea boksi kwa vipimo nitakavyokupa. Ile tuiache kwa siku ingine.

Nyaya usipoteze pesa. Shaba ya milimita mraba 2.5, metri 4 ama 5 kila upande, inatosha.

Sasa mambo ya kuokoa ampli yenyewe. Usiiwashe hata siku moja na volimu juu wakati bafle haijafungwa. Tranzista ikikosa bafle inapumzika, lampi ikikosa bafle, transfo inarudisha volti kubwa sana nyuma na zinatafuta pa kutokea, zinaruka ndani ya transfo yenyewe ama ku mguu wa lampi. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipima ampli ya mteja hivyo, nilisahau waya mmoja, nikasikia mlio mdogo tu na harufu, na ile transfo haikupatikana tena mu mji. Nilimlipa kwa miezi. Basi bafle kwanza, umeme baadaye, na ukibadilisha tundu la 4 na 8 zima kabisa, hesabu dakika moja.

Na usiifungue wewe mwenyewe. Ndani kuna volti kama 300, na kondansateri, vifaa vinavyoweka umeme ndani, zinabaki na moto hata ukichomoa ku ukuta. Ipeleke kwa fundi yenye anajua lampi, mwambie abadilishe zile kondansateri ndogo zinazopeleka sauti ku EL84, juu zikizeeka zinavuja, lampi inavuta kupita kiasi mpaka bati yake ya ndani inakuwa nyekundu. Zima taa ya saloni usiku uziangalie zote nne: moto mwekundu wa katikati, ule uzi, ni wa kawaida. Bati pana ya kijivu inayouzunguka ikianza kuwa nyekundu, zima pale pale. Pengine kupasuka kunatoka hapo pia, na kama ni vile bafle mpya hazitaponya.

Umeme wetu nao unaujua. Uzi wa ndani wa EL84 unataka volti 6.3, inavumilia asilimia 10 juu ama chini, yani 5.7 mpaka 6.9. Umeme wa 220 ukishuka 160 jioni watu wote wanapopika, ule uzi unapata 4.6 tu, sauti inalegea na lampi inachakaa, na ukipanda usiku mpaka 250 unapita 7. Nunua stabilizateri, mashine ya kutuliza umeme, ya wati 500, ampli yako haifiki hata karibu ya hapo, na wakati wa mvua yenye radi chomoa yote.

Vile ningefanya mi na pesa yako: fundi kwanza kwa zile kondansateri, kisha stabilizateri, kisha Katuba na multimetri mfukoni. Bafle zikipita vile vipimo, zifunge ku tundu la 8, weka santuri unayoijua kabisa, volimu ikiwa chini ya nusu, usikilize upande mzima. Kisha zima, hamishia ku 4, rudia upande ule ule. Ku tundu la 4 wati zitapungua lakini besi mara nyingi inakaza juu impedansi ya ndani inashuka, na kwa bafle nyepesi vile hautakosa zile wati. Lampi haziumii ukifanya hivyo. Tundu lenye linakufanya usahau kubadilisha santuri njo utaliacha.

Ukishapima za Katuba niandikie tu zile namba mbili multimetri ilikuonyesha, nikuambie rezistansi gani za kuweka ku tarumbeta.